Mstari Uliokataa Kutoweka

Mstari ulikuwepo.

Mlionisoma wiki iliyopita mnajua kwa nini jambo dogo kama hilo lilimfanya mwanamke mzima ashike ukingo wa meza. Wewe uliyeliokota gazeti hili kwenye benchi la kinyozi, na hujui tunamzungumzia nani, nitakueleza mbio mbio, maana mlango nyuma ya Kitinda umeanza kufunguka.

Kitinda ni mtafiti. Jina hilo ni la nyumbani, la kitindamimba, mtoto wa mwisho. Maabara humwita Daktari.

Ndani ya misuli ya binadamu kuna protini ambayo watu wa maabara yake wameipa jina la utani, Mpiga Chapa. Kazi yake ni kuzigonga muhuri protini zilizochakaa. Iliyogongwa muhuri hupelekwa kuvunjwavunjwa, mwili ukapata nafasi. Lakini Mpiga Chapa akizidisha bidii, hugonga hata zilizo nzima, na mtu huisha misuli mpaka kijiko kikamshinda kuinua.

Kaka yake Kitinda alifikia hapo. Profesa, mkuu wa maabara, alikuwa ametengeneza dawa ya kumpunguza nguvu Mpiga Chapa, na kaka mtu akawa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kuijaribu.

Sasa, Mpiga Chapa haonekani kwa macho. Anayemfichua ni kingamwili, tone la majimaji kutoka kichupa kidogo cha kwenye friji, linalonasa protini moja tu na kuziacha nyingine zote. Ikinasa, kwenye picha hutokea mstari mweusi. Mstari mnene, Mpiga Chapa amejaa. Mstari hafifu, dawa imemkamata. Utafiti wote ulisimama juu ya mstari ule.

Kitinda akafanya jaribio ambalo hakuna pale aliyekuwa amelifanya. Alichukua misuli ya panya waliozalishwa bila Mpiga Chapa hata chembe. Hapo mstari hauna budi kutoweka, kwa kuwa hakuna cha kunaswa.

Mstari ulikuwepo. Mweusi, mnene, umetulia kama mwenye nyumba.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa Profesa, koti lake jeupe limekosa kifungo kama kawaida, na usoni ana tabasamu ambalo Kitinda hakuwahi kuliona. Hakutazama skrini. Alinyoosha simu yake.

"Tazama, mwanangu. Sista wa wodi ameniletea sasa hivi."

Ilikuwa video fupi. Korido ya hospitali. Mtu mrefu, mwembamba, ananyanyua mguu kama anayevuka mtaro, anautua, ananyanyua wa pili. Hajashikwa na mtu. Mwisho wa korido anageuka na kuipungia kamera mkono.

Alikuwa kaka yake.

Kitinda alisubiri furaha ije. Haikuja. Akasubiri machozi, nayo hayakuja. Kifuani palikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua ni lako, unaligusa, halisemi kitu.

"Huna la kusema?" Profesa akauliza.

"Prof, kaa kwanza."

Profesa akakaa. Kitinda akageuza skrini.

"Hawa ni panya gani?"

"Wasio na Mpiga Chapa."

Tabasamu lilishuka polepole, upande mmoja kwanza.

"Umechanganya sampuli."

"Nimerudia."

"Basi panya wenyewe wana kasoro. Huenda jeni haikuondolewa sawasawa."

"Nimepima jeni. Haipo."

"Kichupa kimeharibika. Mtu amekisahau nje ya friji."

"Nimefungua kingine, kipya. Mstari ni huo huo."

Profesa alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Akaitazama skrini kana kwamba kosa lilikuwa la vioo.

"Basi kingamwili yetu hainasi Mpiga Chapa," alisema.

"Hainasi. Inanasa kitu kingine."

"Na dawa yetu inapunguza hicho kitu kingine."

"Ndiyo."

"Lakini kaka yako anatembea."

"Anatembea."

"Kwa nini?"

"Sijui, Prof."

Wapo wasomaji walionitumia ujumbe wiki nzima wakiapa kwamba Profesa ndiye mbaya wa hadithi hii. Kwamba atachoma picha, atamtisha binti wa watu, atamfungia stoo. Poleni. Mzee hakufanya hata moja. Aliivuta simu ya mezani, ile nzito ya kizamani, akaanza kubonyeza namba za mwenyekiti wa kamati ya maadili, mtu ambaye neno lake moja husimamisha majaribio ya dawa.

"Unampigia nani?" Kitinda akauliza.

"Unajua ninayempigia. Hatuwezi kuwamezesha watu dawa tusiyojua inagusa nini. Isimame leo."

Mkono ukashuka juu ya simu, ukaikata.

Ulikuwa mkono wa Kitinda. Yeye mwenyewe aliutazama pale ulipo, umevaa glavu, kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeketi jirani.

"Ikisimama leo, kaka anarudi kwenye kiti cha magurudumu," alisema. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Nipe mpaka jioni. Nitajua kingamwili inanasa nini. Huenda ni kitu kisicho na madhara. Ukipiga sasa tuna swali tu. Jioni tutakuwa na jibu."

"Hiyo ni hoja ya mtafiti au ya dada mtu?"

"Sijui. Mpaka jioni tu, Prof."

"Kuna dozi ya mchana hapo katikati."

"Wameimeza kwa miezi."

Profesa alikitazama kile kipokeo cha simu mkononi mwake. Alimpokea msichana huyu akiwa mwanafunzi anayeogopa hata kumshika panya mkia. Hakuwahi kumsikia akiomba kitu.

"Jioni," alisema mwishowe, akakirudisha kipokeo mahali pake.

Chumba cha chini kabisa cha jengo lile kina mashine kubwa kama kabati la nguo, inayonguruma mchana kutwa. Hupima uzito wa vipande vya protini na kusema ni vya nani. Mtaalamu wake ni mama mmoja mnene, mcheshi, na jengo zima humwita Mama Mizani.

"Daktari, leo uso umepigwa pasi," alisema Kitinda alipoingia. "Hauna hata mkunjo."

"Nina haraka, mama."

"Nani hana? Hata mashine hii ina haraka, ila haisemi."

Kitinda alimpa kichupa chenye kipande alichokikata pale penye mstari. "Nataka kujua humu kuna nani."

"Si mnamjua? Miaka yote mmetuimbia Mpiga Chapa, Mpiga Chapa, mpaka hata walinzi wa getini wanamjua."

Mama Mizani akamtazama tena, na utani ukamwisha mdomoni.

"Niachie hapa. Nitakupigia."

Hospitali iko ng'ambo ya maegesho ya magari. Kitinda alivuka akiwa bado na koti la maabara, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, kwenye chumba cha vitanda viwili alicholazwa kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba. Ndiye aliyemlea Kitinda baada ya wazazi wao kufariki, na mpaka leo harufu ya rangi mbichi ikimfikia popote, Kitinda hugeuka kumtafuta. Siku ile alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kioo kidogo mkononi, ananyoa ndevu kwa mkono wake mwenyewe. Mkewe amesimama pembeni na taulo, anatazama kama anayetazama mpira wa penalti.

"Karibu, mwenye dawa," ilisema sauti kutoka kitanda cha pili.

Huyo ni Dereva. Aliendesha malori ya safari ndefu mpaka mikono ikashindwa kushika usukani. Ugonjwa mmoja na kaka mtu, dawa moja, chumba kimoja.

"Kaka yako anatuaibisha humu," akaendelea. "Anazurura korido kama mkaguzi. Mimi bado niko gia ya kwanza."

"Utafika," kaka mtu alisema bila kuacha kunyoa.

"Nitafika. Nimeshaamua kukanyaga mafuta." Dereva akacheka peke yake.

Kaka mtu aliweka wembe chini. "Kitinda, mbona umenuna?"

"Sijanuna."

"Nimetembea, hata hongera hujanipa."

"Hongera, kaka."

"Umeisema kama unasoma kibao cha barabarani."

Mkewe akacheka. Kitinda alijaribu kucheka pia, mdomo ukasogea, basi. Akakishika kiganja cha kaka yake, akaweka vidole penye mshipa.

"Moyo wako vipi siku hizi?"

"Kwa nini moyo?"

"Naulizia tu."

"Mwanzoni ulikuwa unagonga. Kama mtu yuko mlangoni na hataki kuambiwa wenyewe hawapo. Siku hizi umetulia."

"Ulimwambia sista?"

"Nilimwonea huruma. Ana kazi nyingi."

Chini ya vidole vya Kitinda mshipa ulipiga taratibu, sawasawa, kama wa mtu mwenye afya yake.

"Wangu mimi unagonga mpaka kitanda kinatikisika," Dereva alisema. "Hiyo ni injini inawaka. Injini isiyotetema imezimika."

Sista aliingia na vikombe viwili vidogo vya plastiki, kimoja kwa kila kitanda. Dozi ya mchana. Kaka mtu alichukua chake, akakimiminia mdomoni, akashushia maji. Dereva naye vile vile, akajipangusa midomo kwa mgongo wa mkono na kumkonyeza sista.

Kitinda alisimama pale, akatazama. Neno lilikuwepo, la kusema tu. Hakulisema. Hakuhisi hata kwamba amelizuia.

Wifi yake alimshika mkono, wakatoka koridoni.

"Wifi, nikuombe kitu. Usije siku moja ukaniambia dawa imekwisha."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Huo uso wako. Nimeuona mara moja tu, siku tuliyomzika mama yenu. Ulipika, ukaosha vyombo, ukapokea wageni. Kila mtu akasema binti amejikaza. Mimi nikajua hujajikaza, umekufa ganzi."

"Nimechoka tu, wifi."

"Jana alijifunga vifungo vya shati mwenyewe. Nilienda chooni nikalia mpaka mtu akagonga mlango. Usiniondolee hilo."

Simu ya Kitinda ikatetema mfukoni.

Mama Mizani alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, jambo ambalo huwa halifanyi, kwa kuwa magoti yanamsumbua.

"Nimepima, nikapima tena," alisema. "Si Mpiga Chapa."

"Ni nani?"

"Ndugu yake. Njoo uone. Naye hugonga muhuri protini zilizochakaa, ila makazi yake hasa ni moyo. Mikononi na miguuni yupo tu, hana kazi kubwa. Kwenye moyo ndiye mfagiaji. Mkia wake na mkia wa Mpiga Chapa ni kama pacha, na hii kingamwili yenu ilitengenezwa kunasa mkia. Ikakamata asiyehusika."

"Dawa yetu inampunguza huyu."

"Inampunguza sana, kwa picha zenu wenyewe. Mmemnyang'anya mfagiaji ufagio, Daktari. Taka zitajaa humo ndani."

"Halafu?"

"Wewe ndiye daktari."

"Moyo utaanza kugonga," Kitinda alisema taratibu.

"Mwanzoni. Baadaye utachoka."

Kitinda alibaki ameitazama ile mashine. Jambo moja halikukaa sawa. Moyo wa kaka yake ulikuwa umegonga, kisha ukatulia, na dawa anaendelea nayo. Haiwezekani utulie. Ungezidi.

Alimpigia Profesa akiwa bado anapanda ngazi za kutoka chini.

"Piga, Prof. Sasa hivi."

"Jioni bado."

"Inashambulia moyo. Piga."

Profesa hakuuliza la pili. Kitinda alisikia kipokeo cha ile simu nzito kikinyanyuliwa upande wa pili, akakata, akavuka maegesho.

Alipofika wodini alimkuta kaka yake kitandani, mkewe anakunja nguo. Pazia la kitanda cha pili lilikuwa limevutwa. Kitinda hakukaa.

"Kaka, dawa imesimamishwa. Kwa wote. Tumegundua inaharibu moyo. Kipimo chetu kilikuwa kinatudanganya tangu siku ya kwanza, na mimi sikujua mpaka leo."

Wifi aliketi sakafuni pale pale, na shati mikononi. Kaka mtu hakushtuka.

"Nikiacha itakuwaje?" akauliza.

"Huenda ukarudi kitini. Nisikufiche."

Alimtazama mkewe pale chini, kisha mlango.

"Kitinda, funga huo mlango."

Akaufunga.

"Mimi niliacha zamani," kaka mtu alisema.

"Uliacha nini?"

"Dawa. Moyo ulivyoanza kugonga niliogopa. Nikawa nakiweka kidonge chini ya ulimi, sista akigeuka nakitoa. Wiki ya pili tu baada ya kuanza."

"Nimekuona ukimeza leo."

"Uliona nikinywa maji."

"Kaka, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Kwamba dawa ya mdogo wangu inaniua? Watu wa pale kwenu wote macho kwako. Nikasema, yeye amefika alipofika, mimi si wa kumwangusha. Nitakaa kitini nife na siri yangu. Halafu miguu ikarudi yenyewe. Nami sijui kwa nini."

Akili ya Kitinda ilifanya kazi kama mashine ya Mama Mizani, baridi, bila mwenyewe kuwepo. Kaka yake alipokewa kwenye majaribio kwa sababu kipande cha msuli wake kilionyesha mstari mnene. Mstari ule ule mwongo. Basi huenda hakuwahi kuugua ugonjwa ule hata siku moja. Yapo maradhi ya neva yanayomlaza mtu chali, kisha yakamwachia yenyewe, taratibu, kuanzia kidole hadi kidole. Walimpokea kwa mstari, wakampa sumu kwa mstari, na yeye akajiponya kwa kutema.

Kaka yake ni mzima. Alijirudia hilo neno moyoni, mzima, akangoja. Ile sindano ya meno haikuwa imeisha nguvu.

"Vidonge ulivitupa wapi?" akauliza.

Kaka mtu alitazama lile pazia lililovutwa.

"Kaka."

"Sikuvitupa. Jirani yangu hapa aliniona nikitema. Akasema dawa kama hii watu wanaililia, kuitupa ni dhambi. Akaniomba nimpe."

"Ulimpa?"

"Alisema akimeza mara mbili atapona upesi mara mbili. Nami nilitaka nini na vidonge? Nikampa."

"Kila siku?"

"Kila nilichotoa mdomoni."

"Na cha leo mchana?"

"Hata cha leo. Ulipotoka na wifi yako koridoni."

Kitinda alivuta pazia.

Kitanda kitupu. Shuka imesukumwa pembeni, kiti cha magurudumu kiko ukutani, ndala hazipo.

"Yuko wapi?"

"Ametoka kabla hujaingia," wifi alisema kutoka sakafuni. "Mkewe anakuja kumtazama. Alisema leo lazima amkute chini mlangoni, amesimama kwa miguu yake. Ameenda kujaribu ngazi za mlango mkubwa."

Kitinda hakumbuki alivyofungua mlango.

Dereva alikuwa ameshuka vizuri tu, ngazi baada ya ngazi, mpaka pale zinapogeukia. Hapo ndipo alipokuwa, ameketi na mgongo ukutani, mkono mmoja bado umeshika bomba la kushikia. Alikuwa amechana nywele. Midomo ilikuwa rangi ya majivu.

"Dereva. Dereva, unanisikia?"

Aligusa shingo. Mshipa kimya. Akamlaza chali, akapanga viganja vyake juu ya kifua, akaanza kukandamiza. Alifundishwa hilo zamani kwa mwanasesere wa plastiki, na mikono ilikumbuka bila kumwuliza. Juu yake alisikia hatua nzito, za kuburuta. Kaka yake alikuwa amemfuata mpaka kichwani mwa ngazi, akakwama hapo, mkono ukutani. Akaita sista kwa sauti ambayo iliwahi kuita mafundi wenzake kutoka jukwaani juu kabisa ya jengo.

Sista alikuja mbio na daktari wa zamu, kijana mwenye begi la dharura. Daktari alipiga goti, akafungua begi.

"Endelea kukandamiza," alimwambia Kitinda. "Alikuwa anatumia nini?"

"Yuko kwenye majaribio," sista alijibu. "Dawa imesimamishwa dakika hizi hizi, tumepigiwa simu. Lakini amemeza kidonge kimoja tu leo. Nilimpa kwa mkono wangu."

"Kimoja. Sawa." Daktari alianza kuvuta dawa kwenye bomba la sindano.

Chini kwenye ngazi, mwanamke alikuwa amesimama. Alikuwa na mfuko wa nguo zilizopigwa pasi, suruali juu, shati chini yake, zile anazovaa mtu siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Hakuna aliyehitaji kuuliza yeye ni nani. Ilionekana tu kwa alivyokuwa anautazama ule mkono wa Dereva ulioachia bomba la ngazi.

Kitinda alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Kidonge kimoja, mchana, kwa mkono wa sista. Kaka yake atarudi nyumbani na miguu yake, hatahojiwa na mtu. Na yeye alikuwa ameshanyamaza leo, tena bila taabu.

"Si kimoja," alisema, bila kuacha kukandamiza. "Ni viwili. Kila dozi, kwa miezi."

Daktari alisimamisha sindano hewani. "Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaimwaga ile dawa, akachukua chupa nyingine, akavuta upya.

"Cha pili alikipata wapi?" sista akauliza. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwa kaka yangu. Na cha leo ni mimi. Tangu asubuhi nilijua dawa ina mushkeli. Nikaomba tungoje mpaka jioni."

Mwanamke wa chini aliinua macho. Yakampita mumewe, yakampita Kitinda, yakaenda juu mpaka kichwani mwa ngazi, kwa yule mtu mrefu aliyekuwa amesimama pale, kwa miguu yake miwili, ndevu zimenyolewa.

"Ndiye yule?" aliuliza. "Aliyekuwa anampa?"

Kaka mtu hakurudi nyuma. "Ni mimi, shemeji."

Sindano iliingia. Daktari aliweka vidole shingoni mwa Dereva, akafumba macho kusikiliza. Kitinda aliendelea kukandamiza, juu chini, juu chini, viganja vyake havihisi mifupa iliyo chini yake.

Mke wa Dereva aliuweka mfuko wake kwenye ngazi ya kwanza. Akavua viatu, akaviacha kando yake, akaanza kupanda, macho bado kwa kaka mtu.